Kayongo, usitupe

Jumapili mtoto alikuwa anatafuta gundi kwenye droo ya vifaa vyangu akaibuka na sidii. Aliigeuza kwenye mwanga, akasoma maandishi yangu ya wino mzito: KAYONGO. USITUPE.

"Baba, Kayongo ni nani?"

Nikamwambia kayongo si mtu, ni gugu linaloota kwenye mahindi. Akauliza gugu linafanya nini ndani ya sidii. Nilimwambia nitamweleza tukishakula, na tulipokula nikamweleza nusu. Hii nusu nyingine sijawahi kumweleza mtu.

Ilikuwa 2013, bado niko pale ghorofani Kisumu, karibu na Oginga Odinga Street, meza moja niliyokodi kwa mwenye duka la simu. Mama alipanda ngazi taratibu, nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na Dell ya mtumba, zile zilizokuwa zikija kutoka Uingereza, imefungwa kwa leso isigongwe. Leso ilinuka omena. Alikuwa anauza omena soko la Kibuye, kwa kopo la gorogoro, na mashine hiyo aliinunua shilingi 9,000 kwa pesa za chama ili binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, ajifunze kuchapa.

"Kijana wangu, hii kitu inanikataa."

"Inasemaje, mama?"

"Inataka neno la siri. Na mimi sijaipa neno lolote."

Aliyemuuzia aliiwasha dukani, taa zikawaka, akapokea pesa. Mama aliporudi kulalamika akaambiwa hiyo ni kazi ya fundi. Basi akaja kwa fundi.

Windows XP. Skrini ya buluu, akaunti moja tu, picha ya sataranji, na jina la mwanamume ambalo sitalitaja. Kando ya kisanduku cha paswadi kulikuwa na ile alama ya kuuliza, mahali mwenyewe anajiwekea kidokezo asije akasahau. Nikaibonyeza. Likatokea neno moja: kukhu.

"Kukhu ni nyanya," mama akasema. "Huyu ni mtoto wa kwa Waluhya. Na amelelewa na nyanyake, huyu."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nimefungua mashine nyingi sana za namna hiyo, na sikumbuki kama niliwahi kumfikiria aliyekuwa nyuma ya jina lililo kwenye skrini.

Kufungua kwenyewe hakukuchukua dakika mbili. Kwenye XP ile ya ofisini, ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete mara mbili pale mwanzoni, kinatokea kisanduku cha zamani cha kuandika jina. Unaandika Administrator, yaani msimamizi wa mashine, paswadi unaiacha tupu, maana waliosakinisha wengi hawakuwahi kuiweka. Ikaingia. Mama akashusha pumzi.

Lakini folda ya yule kijana ilikataa. Alikuwa ameifanya ya faragha, na hata msimamizi akibofya anaambiwa hana ruhusa. Nikamweleza mama kwamba mwenye chumba amefunga mlango wake, ila msimamizi wa jumba anaweza kwenda kukiandikisha chumba kwa jina lake mwenyewe, kisha akaingia. Wengi wetu mafundi hatukujisumbua na hayo. Tulifuta kila kitu, tukaweka Windows upya, mteja akaenda zake. Nilikuwa na sidii ya kusakinisha tayari mkononi.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "kama ni ya wizi nataka kujua leo. Sio siku polisi watabisha kwangu."

Kwa hiyo nikaichukua ile folda kuwa yangu. XP inapobadilisha umiliki hukuonyesha kila faili inayoguswa, majina yanapita mbio kwenye kidirisha kidogo. Tuliyatazama wote wawili yakipita. Shamba 1, shamba 2, shamba 7. Mahojiano. Sura ya tatu. Sura ya tatu mpya. Sura ya tatu mpya ya mwisho.

Picha ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya mahindi mafupi, ya manjano, na katikati yake maua madogo ya zambarau, mazuri mno. Mama akainama hadi paji la uso likakaribia skrini. Akakigusa kioo. Kidole chake kilikuwa na magamba ya omena, na kiliacha alama pale pale kwenye ua.

"Kayongo," akasema. "Hii imenimalizia shamba Seme. Inashika mizizi huko chini kabla hujaiona. Siku unaona ua, mahindi yako yalishakufa zamani."

Ilikuwa kazi ya chuo, utafiti wa kilimo. Kijana alikuwa amezunguka kwa wakulima akihesabu mimea ya kayongo kwenye viploti, walipopanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na pale ambapo hawakupanda. Kwenye jedwali la Excel kila mkulima alikuwa nambari, na mbele ya kila nambari hesabu: shina ngapi za kayongo, magunia mangapi. Mama alisoma nambari hizo kwa kidole kama anayetafuta yake. Akaniambia wao pia waliletewa habari za hayo majani ya desmodiamu kwenye mkutano wa kikundi, kwamba mizizi yake inaisumbua kayongo, lakini mbegu hakuipata.

Sura ya nne ilikuwa na kichwa tu, Matokeo. Sura ya tatu iliishia katikati ya sentensi, bila nukta.

Nilitafuta barua ya kuomba kazi nikapata nambari ya simu. Nikapiga. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nilipiga tena jioni, nikapiga kwa wiki kadhaa, nikaandika barua pepe isiyojibiwa. Dukani walisema walinunua kwa mtu, na mtu huyo alinunua kwa mtu. Polisi hatukwenda. Tungeipeleka mashine kituoni, mama angerudi nyumbani mikono mitupu bila shilingi 9,000, na labda na maswali juu. Leo sina hakika kama uamuzi ule ulikuwa wangu kufanya.

"Usifute kazi ya mtoto wa mtu," mama akaniambia, akashuka kumtafuta wa kuvunja noti ili anilipe.

Hapo ndipo ilipo ile nusu nyingine.

Alipokuwa chini, nilifungua ukurasa wa shukrani. Kijana alimshukuru msimamizi wake, akawashukuru wakulima, kisha akamshukuru kukhu wake kwa jina. Aliandika kwamba nyanya huyo aliuza kuku mmoja mmoja hadi karo ikatimia. Nililisoma jina lile mara mbili. Nikatoka kwenye akaunti ya Administrator, nikarudi kwenye skrini ya buluu, kwenye sataranji, nikaliandika kwa herufi ndogo. Nikabonyeza Enter.

Ikafunguka. Ikacheza ule muziki wake wa kukaribisha, ikatandaza mandhari yake: bibi mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya udongo, kuku miguuni pake, macho ameyafinya kwa sababu ya jua.

Niliivuta waya ukutani. Sikuizima kwa utaratibu, niliivuta tu. Mama alirudi na chenji akaniuliza kama stima imepotea, nikasema ndiyo.

Sikuwa na haja ya kufanya vile. Faili zote nilikuwa nazo tayari, nimeingia kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma haukuwa umenisumbua moyo hata kidogo. Ila nilipoingia kwa jina la nyanyake nilihisi nimekuta watu wamekaa. Miaka hii yote nimejaribu kueleza tofauti ya milango hiyo miwili, maana chumba ni kile kile, na bado sijaweza. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na wateja wanauliza maswali mazuri. Wakati ule mezani tulikuwa mimi, yule mama, na lile neno lake kuhusu kazi ya mtoto wa mtu.

Binti yake nilimfungulia akaunti mpya. Ile ya zamani nikaiacha na paswadi yake, kwa kuwa msimamizi akiilazimisha kubadilika, faili zilizosimbwa, yaani zilizofungwa kwa siri, zinaweza zisifunguke tena kamwe. Mwaka uliofuata, Microsoft walipoacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, mama aliirudisha niiwekee mpya, na diski ya gigabaiti 40 ilikuwa imejaa. Nilichoma kazi yote kwenye sidii, nikaijaribu mara mbili, ndipo nikafuta. Aliyeniambia niandike "usitupe" ni yeye.

Nimejiambia mara nyingi kwamba kijana alikuwa na nakala kwenye flashi. Wanafunzi wengi walitembea na flashi shingoni.

Nyumbani kwangu sasa hakuna mashine yenye tundu la sidii. Mtoto alizunguka laptopu akilitafuta. Kuna rafiki kule Kondele ana kisomaji cha nje, nakichukua Jumamosi. Ile nambari ya simu ipo bado, niliiandika kwa ndani ya kifuniko. Jumapili usiku, wote walipolala, niliipiga. Iliita. Iliita hadi ikakatika yenyewe.

Asubuhi niliandika ujumbe: "Habari yako. Nina kazi yako ya kayongo, iko salama." Sijautuma. Neno "salama" nimelitoa kwanza, hadi niijaribu sidii Jumamosi.