Jinsi nilivyoishusha ripita ya walinzi hadi megahezi 145

Ripita hii, mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena ili yafike mbali, niliinunua kwa kampuni ya ulinzi iliyokuwa inabadilisha mitambo. Ilikuwa nzima, ila imeundwa kwa megahezi 146 hadi 174. Kibali changu cha redio ya ridhaa, yaani ya mawasiliano yasiyo ya biashara, kinataka ipokee kwenye 145.0 na kurusha kwenye 145.6.

Kuingiza masafa mapya kwa kompyuta hakukuchukua hata nusu saa. Osileta, sehemu inayotengeneza masafa, iligoma kushika masafa mapya, nikaweka mita kwenye sehemu ya kupimia na kuzungusha skrubu yake polepole mpaka volti zikatulia. Vichujio vya resiva, sehemu ya kupokea, navyo nikavishusha, ikaanza kusikia mawimbi ya mikrovolti 0.3.

Kazi ilikuwa kwenye dupleksa, kifaa kinachowezesha transmita (sehemu ya kurusha) na resiva kutumia antena moja kwa wakati mmoja. Iliyokuja na mashine ni ndogo, bapa, ya masafa yanayopishana kwa megahezi kadhaa. Yetu yanapishana kilohezi 600 tu! Kila nilipowasha transmita, wati 25, resiva ilikuwa kiziwi papo hapo. Niliipotezea majuma mawili dupleksa ile. Usiiguse, tafuta dupleksa ya makopo sita ya metali yanayochuja mawimbi.

Makopo hayo ni marefu, zaidi ya nusu mita, kwa sababu robo ya wimbi kwenye masafa haya ni kama sentimita 50. Nilitumia NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia vichujio na antena, lakini hakioni mchujo wa desibeli 90 kwa mkupuo, kelele zake zenyewe zinafunika. Kwa hiyo nilifungua kila kopo na kulipima peke yake: desibeli 30 hivi kwa kila moja, matatu upande wa kurusha, matatu upande wa kupokea. Nikayaunganisha kwa furaha. Kelele bado!

Siku tatu nilizunguka nayo kabla sijazitazama kebo. Nilikuwa nimeunganisha makopo kwa kebo ya RG-58, yenye wavu mmoja wa waya wa kinga, na nguvu ya transmita ilikuwa inavujia humo. Nikakata RG-214 yenye wavu wa tabaka mbili kwa urefu uleule wa umeme, yaani kwa jinsi mawimbi yanavyoupima, nikafunga. Resiva ikawa haijui tena kama transmita imewaka au imezimwa.

Jumamosi tuliipandisha ukingoni mwa kreta ya Menengai, karibu na Nakuru, kwa betri ya gari. Mwenzangu alikuwa Gilgil na redio ya mkononi.

“Mzee, nakupata safi.”

Nikamwomba ashushe hadi wati moja, arudie. Akarudia, na kila neno likafika.