Neno Lisilosemwa Jikoni kwa Bibi

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi Udine, kaskazini-mashariki mwa Italia, nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka 78. Jioni moja nilirudi kutoka kwenye mtihani uliotushinda karibu darasa zima. Bibi alikuwa akisonga polenta, ule ugali wao wa mahindi, akaniuliza mambo yamekwendaje. Nikajibu kwa neno nililolisikia kwa wenzangu mchana kutwa: "Una Caporetto," yaani "Caporetto moja."

Mwiko ukasimama sufuriani.

Waitalia hulisema kila siku. Timu ikifungwa mabao matano, chama kikibwagwa kwenye uchaguzi, hiyo ni Caporetto. Maana niliijua: kushindwa vibaya. Sikujua kwamba ni mji, siku hizi Kobarid ya Slovenia, wala kwamba baba yake bibi alipigana pale katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Alinisimulia kwa sauti ya chini. Tarehe 24 Oktoba 1917, saa nane usiku, makombora ya gesi ya sumu ya Wajerumani na Waaustria yalianza kuanguka. Kulipokucha kulikuwa na mvua na ukungu. Safu ya Waitalia ikakatika, wakarudi nyuma hadi Mto Piave. Hata Udine, makao makuu ya Jenerali Luigi Cadorna, mkuu wa jeshi la Italia, ilitekwa katika siku chache. Mateka walizidi 250,000, baba yake akiwa mmoja wao. Naye Cadorna akatoa taarifa kwamba vikosi vya Jeshi lake la Pili vilirudi nyuma kwa woga bila kupigana, au vilijisalimisha kwa aibu.

"Baba alirudi mbavu zinahesabika," alisema bibi, "akakuta ameshaitwa mwoga. Kisha mahali alipoteseka pakawa tusi. Humu ndani halisemwi."

Nilimwomba radhi, lakini niliona radhi haitoshi. Mimi ni mtoto wa Songea. Nikamweleza Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907: Wajerumani walivyowanyonga viongozi wetu wa Kingoni mwaka 1906, walivyochoma mashamba, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Nikamwambia kwetu uwanja wa mpira unaitwa Majimaji, na timu nayo ni Majimaji.

"Kumbe mlishinda?"

"Hapana, bibi. Tulishindwa."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nilitamke tena lile jina, polepole, naye akalifuatisha silabi kwa silabi huku akinipakulia.