Hesabu ya Usukani Niliyochelewa Kuipiga

Kwa miaka sita nilibeba boksi, na hapa situmii neno hilo kama Watanzania wa ughaibuni wanavyolitumia kwa kila kazi ya mikono. Nilibeba boksi kwelikweli, katika ghala moja lililo pembezoni mwa jiji la Columbus, jimboni Ohio, tangu mwaka 2016 nilipofika Marekani kwa bahati nasibu ya ukaazi hadi vuli ya mwaka 2022. Nilianza kwa dola 13.25 kwa saa na niliondoka nikilipwa dola 16.50. Kazi ilikuwa halali, mshahara haukuchelewa hata mara moja, na sina sababu ya kuwasema vibaya walioniajiri. Kilichonitoa ni kumtazama msimamizi wangu wa zamu, mtu aliyekaa pale miaka kumi na minne, na kuona kwamba cheo kilikuwa kimemwongezea redio ya mkononi, lawama za pande mbili, na fedha kidogo mno.

Aliyenifungua macho, au tuseme aliyeyafungua nusu, ni kaka mmoja wa kutoka Mwanza, dereva wa lori, aliyekuja kuchukua mzigo ghalani kwetu. Tulipotambuana kwa lafudhi alicheka, akaniambia, "Kaka, wewe unapakia na mimi naondoka nao. Kati yetu nani anaiona nchi?" Kisha akanionyesha kwenye simu malipo yake ya wiki iliyopita, yaliyozidi dola 1,500. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimepata dola 660 kabla ya kodi. Sikumuuliza alifanya kazi saa ngapi, na hilo ndilo kosa lililonigharimu mwaka mzima.

Leseni yenyewe ya kuendesha malori makubwa yenye trela, inayojulikana hapa kama CDL ya daraja A, haipatikani kwa ujanja. Tangu tarehe 7 Februari 2022 sheria ya shirikisho inamlazimu kila anayeiomba kwa mara ya kwanza apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa, na baada ya kufaulu mitihani ya nadharia mtu hupewa kibali cha mwanafunzi ambacho lazima akae nacho siku 14 kabla ya kujaribiwa barabarani. Nadharia haikunisumbua. Kilichonisumbua ni ukaguzi wa gari kabla ya safari, ambao mtahiniwa huufanya kwa sauti na kwa Kiingereza, bila mkalimani, akigusa kila kifaa na kukitaja jina na hali yake: chemchemi, boliti, mabomba ya upepo, kina cha mistari ya tairi. Mtu anaweza kuwa amekaa nchi hii miaka sita, akazungumza na daktari na mwalimu wa mtoto bila taabu, na bado asijue jina la kile chuma kinachosukuma breki. Nilikariri majina hayo jikoni usiku, mke wangu akishika karatasi na kunisahihisha, mpaka naye akaweza kueleza kwamba breki zikikanyagwa injini ikiwa imezimwa, presha ya upepo haitakiwi kushuka zaidi ya pauni nne kwa dakika moja. Kurudi nyuma na trela la futi 53 lilikuwa jambo jingine, maana usukani unauzungusha kushoto na mkia unaelekea kulia. Nilianguka mara moja, nikapita mara ya pili.

Sikuwa na akiba ya kulipia shule, hivyo nilikubali kusomeshwa na kampuni kwa sharti la kuitumikia miezi kumi na miwili, na nikiondoka mapema nirudishe gharama. Wengi wetu huingia kwa mlango huo, nami siulaumu, ila ufahamike kuwa ni deni. Wiki tano za kwanza nililala kitanda cha juu ndani ya kichwa cha lori, chini yangu akikoroma mkufunzi mzee mwenye subira ya ajabu, kisha nikakabidhiwa gari langu na kiwango cha senti 48 kwa kila maili.

Senti 48 kwa maili! Nilivyozidisha na maili 2,300 za wiki nikapata dola 1,104, nikawapigia simu ndugu nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nilichokuwa sijakielewa ni jinsi saa inavyomtawala dereva. Sheria inaruhusu kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, na baada ya hapo lazima upumzike saa 10 mfululizo. Kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini ndicho kinachoandika yote, na si rahisi kukidanganya. Dirisha hilo likishafunguka asubuhi, kwa kawaida halisimami kwa sababu tu wewe umesimama. Ukifika kwenye ghala la mteja saa mbili asubuhi na ukaambiwa usubiri mlango wa kupakulia hadi saa nane mchana, saa sita zimeliwa, maili hazikusogea, na anayelipwa kwa maili hajalipwa. Desturi ya biashara ni kwamba saa mbili za mwanzo ni za bure, na kampuni yangu ilinipa fidia ndogo kwa zinazozidi, tena pale tu mteja alipokubali kuitoa. Nilijisikia vibaya zaidi nilipokumbuka kuwa kwa miaka sita ni mimi niliyekuwa ndani ya mlango huo, nikiwaacha madereva nje bila kufikiria kwamba kusubiri kwao kulikuwa na bei.

Barabara nayo ina yake. Januari ile nilielekea magharibi kwa barabara kuu ya I-80 nikiwa na trela lisilo na mzigo, na nilipofika Laramie, jimboni Wyoming, nikakuta magari marefu mepesi yamezuiwa kwa sababu ya upepo wa upande wa Elk Mountain, ambao hulilaza trela tupu ubavu kama kiberiti. Niliegesha saa 19. Nilishukuru kuwa hai, na malipo ya siku hiyo yalikuwa sifuri.

Mwezi wa nne nilinunua daftari. Kwa wiki moja ya kawaida niliandika kila kitu: kuendesha saa 42, kusubiri milangoni saa 17, ukaguzi, mafuta na mizani saa 7. Jumla ni saa 66, sikuhesabu usiku niliolala kwenye vituo vya malori mbali na kitanda changu. Niligawanya dola 1,104 kwa 66 nikapata dola 16.73. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Nilikuwa nimeacha familia, usingizi na kiuno kwa nyongeza ya senti 23 kwa saa.

Mke wangu, ambaye hesabu ni fani yake, aliongeza jambo lililoniuma zaidi. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938 inayoamuru malipo ya mara moja na nusu baada ya saa 40 haimhusu dereva wa malori yanayovuka majimbo. Kule ghalani, ningepewa saa zile 66, ningelipwa dola 660 za kawaida na dola 643.50 za saa za ziada, yaani karibu dola 200 zaidi ya nilizopata nikizunguka nusu ya Marekani. Ni kweli kwamba ghala halikutoa saa nyingi hivyo isipokuwa kuelekea Krismasi, na nilimwambia hivyo. Aliniangalia tu.

Kampuni ilikuwa na dawa yake: nikodishwe lori kwa makato ya kila wiki hadi liwe langu, niitwe mmiliki. Nilikuwa nimekwisha kutana na wamiliki wa namna hiyo kwenye vituo vya malori, wengine wakimaliza wiki wakiwa wanadaiwa wao. Nilikataa. Mwaka 2025 jopo lililoundwa na serikali kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku, nami sikushangaa.

Nilimaliza miezi kumi na miwili kwa sababu ya lile deni, na nikaongeza mmoja ili karatasi zangu zikae sawa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua: waajiri wazuri, kwa masharti ya bima zao, mara nyingi hawamgusi dereva asiye na mwaka mmoja wa rekodi safi. Nilifanya mtihani mdogo wa kuongeza idhini ya kuvuta matrela mawili, nikaajiriwa kuyapeleka Indianapolis usiku na kurudi Columbus alfajiri, karibu maili 350 kwa zamu. Nalipwa senti 68 kwa maili, na saa za kufunga na kufungua matrela zinalipwa pembeni. Wiki yangu ya saa 45 hunipa takriban dola 1,460, na mtoto nampeleka shule mwenyewe kabla sijalala. Kazi ya barabarani yenye malipo bora niliyokuwa nimeifuata ni hii ya pili.

Mwezi uliopita kijana mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani, wa kutoka Kakamega, alinijia akiwa na picha ya malipo ya rafiki yake. Nilimweleza kwamba tangu Juni 2025 dereva asiyeweza kuzungumza na askari kwa Kiingereza huondolewa barabarani papo hapo, hivyo aanze na majina ya vifaa. Kuhusu ile picha, yenye dola 1,700 zilizozungushiwa wino mwekundu, nilimwomba amuulize mwenyewe alisubiri milangoni saa ngapi wiki hiyo. Bado hajaniletea jibu.