Siku yangu kambini kwa akina Manning

Saa 10 na nusu alfajiri

Simu inalia. Wamarekani wanaiita nne na nusu, lakini mimi na miaka yangu 14 Marekani bado kichwa kinahesabu saa za kwetu, na nimeshachelewa mikutano miwili mitatu kwa sababu hiyo.

Niko bwenini, Chuo Kikuu cha Nicholls State, mji wa Thibodaux, Louisiana. Jina la mji linatamkwa "Tibodo", usije ukalisoma kama lilivyoandikwa mbele ya wenyeji. Ni kama kilomita 100 kutoka New Orleans, nchi ya mabwawa, mbu na mashamba ya miwa. Nimekulia Kidatu, baba alikuwa kiwandani, kwa hiyo mara ya kwanza kufika hapa nilishusha kioo cha gari nikavuta hewa kama niko nyumbani. Tofauti ni kwamba kwetu Juni ni majira ya kukata, huku miwa bado ni mifupi na mibichi, inasubiri vuli.

Naishi Houston, mwendo wa saa tano kwa gari. Mwisho wa Juni nakuja kwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, kufanya kazi kwenye Manning Passing Academy, kambi ya kuwafundisha vijana kurusha mpira. Mpira ninaosema ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai. Leo ni Ijumaa, siku ambayo ni ndefu kuliko zote.

Kazi yangu haina jina zuri kwa Kiswahili. Nyumbani wangeniita daktari wa timu, yule anayekimbia uwanjani na kopo la kupulizia. Si daktari. Nimesomea miili ya wanamichezo, nina leseni, na siku nyingi nafunga vifundo vya miguu kwa plasta na kubishana na watu wanaosema hawaumwi.

Saa 11

Barafu kwanza. Kabla ya chai, kabla ya kusalimiana vizuri.

Mashine iko nyuma ya chumba cha tiba, inanguruma kama trekta bovu. Tunachota kwa koleo la plastiki: deli za maji ya kunywa, deli za taulo, halafu hori. Hori lenyewe ni lile la plastiki la kunyweshea ng'ombe, lita 500 na ushee, linauzwa kwenye maduka ya wafugaji. Tunaliweka chini ya turubai pembeni mwa uwanja, tunajaza maji nusu, na barafu inakaa kando ikingoja. Ukinikuta nalikagua mara ya nne usishangae. Mwaka 2001 mchezaji wa Minnesota Vikings, Korey Stringer, alikufa kwa joto la mazoezi akiwa na miaka 27. Jitu zima la ligi kuu, limezungukwa na madaktari. Tangu hapo watu wa kazi yangu tunafundishwa jambo moja mpaka tunaota: mtu akipigwa na joto, mpoze kwanza, hospitali baadaye. Ukimwingiza kwenye maji ya barafu ndani ya nusu saa ya mwanzo, uwezekano wa kumwokoa ni mkubwa sana. Ukimpakia kwenye gari akiwa bado anawaka, unacheza kamari.

Basi mimi mkate wangu naula nimesimama, nikilitazama hori.

Saa 1 asubuhi

Wanashuka. Vijana zaidi ya 1,000, wa darasa la 8 hadi la 12, fulana na kaptura, viatu vya njumu vinagonga lami kama mvua ya mawe. Makwotabeki ndio wengi, pamoja na wapokeaji wa kuwarushia. Hakuna kukabana wala kuangushana hapa, ni mafunzo ya kurusha na kupokea.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo: kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi, na ndani ya sekunde mbili tatu anaamua nani apewe, huku majitu yanamjia. Nafasi hiyo kwa Wamarekani ni ufalme mdogo. Na akina Manning ndio ukoo wake.

Baba ni mzee Archie, mtoto wa Drew, Mississippi. Timu ya New Orleans Saints walimchukua mwaka 1971, wa pili nchi nzima siku timu za ligi kuu zinapochagua wachezaji wa vyuo, akaenda kuangushwa miaka kumi na zaidi nyuma ya timu mbovu isiyomaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Wanawe ni Cooper, Peyton na Eli. Peyton alichukua Super Bowl, fainali ya ligi kuu, mara mbili akiwa na timu mbili tofauti, Colts na Broncos, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara 5. Eli naye mbili, zote na New York Giants, na zote mbili akawa mchezaji bora wa fainali. Kambi waliianza mwaka 1996, Peyton akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Ilianzia New Orleans, na tangu 2005 iko hapa Thibodaux. Uwanja wenyewe sasa una jina lao.

Mzee anazunguka na kigari cha gofu kutoka kundi hadi kundi. Vijana wanajinyoosha wakimwona, kama sisi tulivyokuwa tukimwona mkaguzi wa shule. Hao vijana wamezaliwa amekwisha staafu kitambo, lakini baba zao wamewasimulia.

Watu wakiitazama familia hii wanaona mikono. Mimi naona shingo. Mkubwa wao, Cooper, alikuwa mpokeaji, si mrushaji, na wapo wanaosema ndiye aliyekuwa na kipaji cha kuzaliwa. Mwaka 1992, ana miaka 18, ndiyo kwanza anaingia chuoni, madaktari wakamkuta njia ya uti wa mgongo ni nyembamba kupita kiasi. Mpira ukaishia hapo. Peyton akavaa namba 18 ya kaka yake. Miaka ikapita, Peyton mwenyewe akakosa msimu mzima wa 2011 kwa sababu ya shingo. Kwa hiyo ninapomwona Cooper hapa, anatania watu na kucheka, namtazama kwa jicho la kazi: yule mwenye kisa ambacho vijana 1,000 hawataki kukisikia, maana kila mmoja anajiona Peyton.

Saa 3

Kundi la makwotabeki wadogo liko mbele ya turubai langu, na nimesimama hapa miaka mitatu kiasi kwamba naweza kufundisha.

Kwanza wanapiga goti. Goti moja chini, unarusha bila miguu, ili kocha aone mkono peke yake. Vidole viko juu ya kamba za mshono, kiganja hakigusi mpira, kuna uwazi wa kupita mwanga. Kiwiko kisishuke chini ya bega. Ukimaliza kurusha, kidole gumba kinaelekea chini, kama mtu anayemimina chai iliyobaki. Halafu wanasimama, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu kurusha ni kazi ya miguu. Hatua tatu nyuma, au tano, kisha mguu wa mbele unakanyaga kule mpira unakokwenda. Kijana akikosea shabaha anautazama mkono wake. Kocha anatazama unyayo.

Kitu kingine kinachowatesa ni kwamba mwenzako humtupii pale alipo. Unatupa mahali patupu, kabla hajageuka, ukiamini atafika. Kwa mtoto wa miaka 13 hilo ni gumu kuliko hesabu za shule. Wanamsubiri afike ndipo warushe, na mpira unafika nyuma ya mgongo wake.

Mimi nahesabu mirusho. Si kwa namba kamili, kwa macho. Mfupa wa mtoto anayekua una sehemu laini karibu na kiungo, na bega linalorusha kutwa likianza kuchoka, kiwiko kinashuka. Kikishuka namwita. "Una maumivu?" Hapana. "Nyanyua mkono." Ananyanyua, uso unasema vingine.

Pale kwenye uzio kuna kijana mrefu, mweusi, ameegemea akisubiri zamu. Wenzake wanataniana, yeye kimya. Namwona. Nina watu watatu wa kuwafunga vidole. Nampita.

Saa 5

Nina kipimo chenye kijitufe cheusi kinachopima jua, unyevu na upepo kwa pamoja, kwa sababu joto la kawaida linadanganya. Nyuzi 33 za Kidatu na nyuzi 33 za hapa si ndugu. Hapa jasho linagoma kukauka, linakutiririka tu. Kipimo kinapanda, tunaongeza mapumziko, filimbi inalia kila baada ya muda mfupi, watu wanakunywa.

Yule wa kwenye uzio hajaenda kunywa. Amekaa chini, amejishika kichwa.

Nakwenda. Namuuliza kwa Kiingereza jina na siku. Anajibu polepole, sawasawa. Midomo mikavu, ngozi imelowa, mapigo ya moyo yanakimbia, anataka kutapika. Macho yake yanashuka kwenye kitambulisho changu cha kifuani, anasoma jina langu lote, halafu ananitazama.

"Jambo, mama."

Kwetu ukisalimiwa "jambo" unajua ni mtalii. Kwa Wakongo ni salamu kamili, ya adabu. Moyo ukanidunda.

"Jambo, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Houston. Lakini wazazi ni ba Bukavu." Halafu haraka, kabla sijauliza: "Niko bien, mama. Ni kichwa tu njo inaniluma kidogo."

Niko bien! Lugha mbili katika uongo mmoja.

Tukamkokota kivulini, tukamlaza, miguu juu ya deli, taulo za barafu shingoni na kwapani, nikampa kinywaji cha chumvi kidogo kidogo. Muda wote namwongelesha, kwa sababu akili ndiyo kipimo changu cha kwanza. Mtu aliyechoka kwa joto anaongea akaeleweka. Anayepigwa na joto anaanza kupayuka au kugombana, na hapo ni hori moja kwa moja, nguo na viatu. Joto la ndani la mwili kipimo chake cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, na nimeona vijana wakisikia hivyo wanapona papo hapo. Huyu hakufika huko. Alikuwa anaeleweka, tena alikuwa anaona haya.

"Umekula nini asubuhi?"

Kimya.

"Mwanangu."

"Nilikuwa na woga. Haikupita."

Hofu ilimziba koo, chakula hakikushuka. Alitoka kitandani, akaja kurusha mpira kwenye jua la Louisiana na tumbo tupu, kwa sababu baba yake amechukua zamu za usiku ghalani ili alipie kambi hii. Hilo alilisema mwenyewe, nikiwa sijauliza, akitazama turubai. Sasa nikaelewa alivyokaa kwenye uzio ule. Mtu aliyeegemea kitu wakati wenzake wanarukaruka, hiyo ni dalili ya kwanza kabisa katika kitabu, na mimi nilipita na plasta zangu mkononi. Saa mbili kabla. Nimeiandika kwenye ripoti, na dakika nimeiweka.

Saa 7

Chakula. Jambalaya, yaani pilau iliyokosea njia ikakutana na soseji na pilipili. Yule kijana nikamkalisha mezani kwangu, nikamhesabia vijiko.

Saa 9

Mbingu za huku alasiri hazina adabu. Dakika moja jua, dakika ya pili wingu jeusi limekaa juu ya uwanja. Radi ya kwanza, honi inalia, watu wote ndani, na saa inaanza upya kwa kila ngurumo: nusu saa kamili tangu ya mwisho ndipo watoke. Leo tulianza upya mara nne.

Vijana 1,000 waliofungiwa ndani na mipira ya kurusha, jaribu kufikiria. Kidole kimoja kilitenguka, na si uwanjani.

Saa 1 usiku

Mvua imeosha hewa. Nyasi zinatoa mvuke. Wasimamizi wa makundi hapa ni makwotabeki wa vyuo vikuu, wale ambao Jumamosi za vuli wanacheza mbele ya watu 80,000, na usiku huu ni zamu yao kurusha kwa kushindana kulenga shabaha. Vijana wamejaa pembeni wakipiga kelele kama wako Kariakoo siku ya watani wa jadi. Mpira ukitoka kwenye mkono wa hao unasikika. Una mvumo, kama nyuzi ya gitaa iliyoguswa.

Wangu alikuwa amekaa mstari wa pili, chupa ya maji mkononi. Nimemruhusu kutazama, si kurusha, mpaka kesho nimpime tena. Alinikasirikia kidogo. Nikaona nyuma ya kichwa chake kinafuata kila mpira, kushoto, kulia, na mguu wake wa kushoto ulioko kwenye simenti unakanyaga kila mara mmoja wao anapokanyaga.

Saa 4 usiku

Kwa sheria za kambi mzazi anapigiwa simu. Kampigia mtu wa ofisini mchana, kwa Kiingereza, lakini niliomba nipige tena mwenyewe.

Mama akapokea kwa mlio wa kwanza. Nikajieleza: natoka Tanzania, niko na mtoto wako, yuko salama, alizidiwa na joto, amepumzika. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Hospitali, dawa, kesho atacheza au hatacheza, na lile la kumpita pale kwenye uzio saa mbili kabla, nililokuwa nimeamua kumweleza hata asipouliza.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia televisheni nyuma yake na mtoto mdogo analia.

"Asante mama, pole na kazi," akasema. "Sasa, alikula?"

"Sahani mbili. Mchana mbili, na usiku mbili."

"Aah," akasema, na akacheka kwa pumzi ndefu. "Basi."

Nimerudi uwanjani na tochi kumwaga hori. Ni zito, unalilaza ubavu na maji yanatoka yote kwa pamoja, baridi bado, yanakulowesha mpaka magotini. Nimelisugua, nimelifunika, nimeweka koleo juu yake. Simu nimeitegesha saa 10 na nusu.