Maiti Inayopumua

Jumamosi nilijipata Kenya National Theatre kutazama mchezo ambao hata jina lake sikuwa nimelisikia. Rafiki yangu alikuwa na tiketi mbili na mpenzi wake alikuwa amemnunia. Hivyo ndivyo mimi hupata utamaduni.

Tuliketi nyuma ya mama mmoja na mtoto wake, wa kama miaka sita. Katika onyesho la pili mzee wa boma akafa. Wakamlaza mkekani katikati ya jukwaa, leso ikamfunika hadi kifuani, wake zake wawili wakaanza kuomboleza. Taa zote zikazimwa isipokuwa moja iliyommulika yeye. Na tumbo lake, ambalo si dogo, likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

"Mama, huyo anapumua."

"Nyamaza. Amekufa."

"Lakini anapumua!"

"Amekufa, nimekwambia."

Safu nzima ikacheka chinichini. Mimi nilimwonea huruma marehemu, kwa maana kazi hiyo nimewahi kuifanya.

Nilikuwa kidato cha pili, sauti imeanza kuvunjika, na mwalimu wetu wa drama akaona haifai kwa lolote. Akanipa nafasi ya maiti. Msidhani ni kazi rahisi. Alinifundisha kupumulia chini kabisa ya tumbo, polepole, na kusubiri waombolezaji wapige ukemi ndipo nivute pumzi ya maana. Tulifanya mazoezi wiki tatu. Siku ya tamasha la wilaya nzi akatua juu ya mdomo wangu. Akatembea. Akasimama, akasugua miguu yake ya mbele kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Nilivumilia nilivyoweza, kisha nikampuliza.

Ukumbi uliangua kicheko ambacho nakisikia hadi leo. Mwamuzi aliposimama kutoa maoni yake alisema maiti yetu ilikuwa na afya njema kuliko wahusika wengine wote. Mkoani hatukufika. Mimi nikaitwa Marehemu mpaka nilipomaliza kidato cha nne.

Jambo ambalo sikulielewa wakati ule ni hili: watu wale walijua tangu mwanzo kwamba niko hai. Hakuna aliyedhani shule imeleta maiti kwa basi. Walikuwa wamekubali tu, kimyakimya, kwamba kwa nusu saa hiyo sipumui, na mimi ndiye niliyevunja mapatano kwa ajili ya nzi.

Ndiyo maana hunikera siku hizi kusikia neno maigizo likitumiwa kama tusi. Mwanasiasa akilia mazishini, watu husema hayo ni maigizo. Wabunge wakitupiana karatasi, maigizo. Hata mke wa jirani akizimia baada ya kusoma meseji kwenye simu ya mumewe, utasikia, "Aache drama." Lakini mwigizaji hamdanganyi mtu! Umelipa mlangoni, umeona picha yake kwenye bango, na unajua fika kwamba saa mbili na nusu atafufuka arudi kwake mtaa wa Umoja.

Mwongo ni yule niliyemwona wakati fulani katika bustani ya Jeevanjee Gardens, kijana aliyeanguka mbele ya muuza dawa, akatetemeka, akapakwa mafuta ya kichupa kidogo, akainuka mzima. Watu wakatoa pesa. Siku mbili baadaye nilipita, nikamkuta anaanguka tena, na alianguka vizuri, lazima niseme, bega kwanza, kama aliyefunzwa. Ufundi ni uleule wa jukwaani: mwili, pumzi, watu waliosimama duara. Ila pale hakuna aliyeniuliza kama nakubali.

Wagiriki wa kale waliita pahali hapo theatron, yaani pa kutazamia. Nalipenda jina hilo kwa sababu linatutaja sisi tulioketi. Sisi tuna tamthilia, neno lililotoka Kiarabu, la ukoo mmoja na mithili na methali. Lenyewe linakiri kwamba unachokiona ni mfano wa kitu. Mzee yule wa Jumamosi alikuwa mithili ya maiti, na hakuna aliyemdai zaidi ya hapo, isipokuwa mtoto. Mwongozaji mmoja Mwingereza, Peter Brook, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu akikatiza mahali patupu huku mwingine akimtazama, hicho kinatosha kuanzisha tamthilia. Kwa kipimo hicho makanga wa Nairobi ni msanii mkubwa, na pengine ndiyo sababu hapa steji ni ya matatu.

Wakati wa mapumziko nilitoka nje nikakiangalia kile kibarabara, Harry Thuku Road, na hoteli ya Norfolk iliyo ng'ambo. Jumba hili lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Mwezi Oktoba 1976 humu ndani ulichezwa mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ulipomalizika watazamaji hawakuridhika kupiga makofi na kwenda zao. Waliungana na waigizaji wakatoka wakiimba na kucheza hadi barabarani. Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walicheza mchezo wa Kikuyu, ambao Ngũgĩ alishiriki kuuandika, mbele ya wanakijiji wenzao. Serikali ikaupiga marufuku, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwezi Desemba bila kushtakiwa, na mwaka 1982 uwanja wao wa michezo ukabomolewa. Maigizo tu, eti.

Kengele ikalia, nikarudi ndani. Sehemu ya pili ilikuwa ndefu kuliko haja, na kuna mhusika wakili ambaye ningemfuta kabisa.

Mwisho waigizaji wote walishikana mikono wakainama, na mzee wa boma akapigiwa makofi kuliko wengine. Mtoto hakupiga. Alikuwa amelala.

Nje tulimkuta marehemu akiwa na begi mgongoni, poda bado imemganda masikioni, akibishana na mtu wa bodaboda. Mia mbili ni nyingi, yeye alikuwa na mia na hamsini. Mama alipita karibu nao akimshika mkono mwanawe aliyekuwa ameamka nusunusu. Mtoto akamwona. Yuleyule aliyetutangazia sote kwamba mtu huyu anapumua akarudi nyuma, akajificha ndani ya sketi ya mamake, na hakutoa kichwa mpaka pikipiki ilipokata kona.