Nguo Hunyooshwa Ingali Mbichi

Chumba changu cha kwanza hapa Leicester, Uingereza, kilikuwa na masharti yaliyobandikwa nyuma ya mlango: marufuku kupika chumbani, marufuku hita ya kuletwa, marufuku pasi. Jumatatu yake nikaanza kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Sare ilikuwa shati la buluu, na lilitoka kwenye mashine limefinyangika lote. Nikalianika juu ya hita ya ukutani, asubuhi nikalivaa vivyo hivyo. Msimamizi hakusema neno, lakini bibi mmoja wa miaka 90 na kitu alinishika ukosi akajaribu kuunyoosha kwa vidole vyake. Nilisikia uchungu siku ile. Sisi tuliolelewa Kibokoni, Mombasa, hatukuzoezwa kutoka mlangoni na makunyanzi.

Usiku nikampigia mamangu. Hakuniuliza habari za pasi. Aliniuliza, "Wazianikaje?" Nikamwambia nazitandaza juu ya hita. "Basi hizo wazikausha, mwanangu. Huzianiki."

Nikaanza kukumbuka anavyofanya yeye. Kwetu nguo huanikwa darini, panapopita upepo wa bahari. Mamangu hatundiki nguo kabla ya kuikung'uta mara tatu, mpaka isikike pa! Kisha huishika mshono wa bega kwa mkono mmoja, pindo kwa mwingine, akaivuta. Halafu mbavu, halafu mikono, na mwisho ukosi, ambao huubana baina ya kidole gumba na cha shahada akaupitia mpaka ncha. Msimu wa kusi kazi iliyobaki humalizwa na upepo. Pasi tulikuwa nayo, ile ya mkaa, yenye jogoo kwenye kifungio chake, lakini ilikuwa ikiogopwa. Mkesha wa Idd moja cheche ilitoboa kanzu ya babangu kifuani, tundu dogo kama punje ya mtama, na kanzu ilikuwa mpya. Baada ya hapo suruali zetu za shule tulizilalia: zinakunjwa kwa mstari, zinatiwa baina ya magazeti, zinawekwa chini ya godoro.

Siku hizi naelewa kwa nini mbinu zile zilifaa. Pamba ikinywa maji, nyuzi zake hulegea. Maji yakiondoka, hushikana upya katika umbo zililokutwa nalo. Nguo ikikaukia mkunjoni, mkunjo hubaki. Ikikauka imenyooka, hubaki imenyooka. Hata dobi hunyunyiza maji kwanza ndipo apitishe pasi. Poliesta ina mambo yake: haijali maji, inajali moto. Ukiifua kwa maji ya moto sana na kuikamua kabla haijapoa, mikunjo hukaa humo, na kuiondoa ni kazi. Mimi huifua kwa nyuzi joto 30.

Mashine ya hapa hukamua kwa mizunguko 1400 kwa dakika. Naiteremsha hadi 800, na siijazi zaidi ya nusu, ili nguo zipate nafasi ya kugeuka badala ya kubanana. Zinatoka na maji mengi zaidi, nami nayataka hayo maji, maana uzito wake huivuta nguo chini. Kosa kubwa ninaloliona kwa vijana wanaokuja huku ni kuziacha ndani ya mashine mpaka warudi kutoka kazini. Hapo hapana la kufanya ila kuzilowesha tena. Shati nalitundika kwenye henga pana, vifungo vyote vimefungwa; suruali naibana kwa pindo, kiuno kikae chini. Dirisha lazima liwe wazi kidogo hata kukiwa baridi, la sivyo ukuta utaota ukungu.

Kuna wanaosifu kutundika nguo bafuni wakati wa kuoga maji ya moto. Kwa koti la sufu ni kweli kabisa, mvuke hulirudisha, bora lipoe na kukauka kabla hujalivaa. Kwa pamba nimejaribu mara nyingi. Hulegeza kidogo tu. Na kitani kipeni pasi, msijisumbue.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni mamangu akaniita darini, "Njoo unishikie." Zilikuwa leso, yaani kanga, zimekauka kwa kaskazi. Yeye akashika ncha mbili, mimi mbili, tukavuta mpaka kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma, tukakung'uta pamoja, tukakunja, tukasogeleana, akaipokea mkononi mwangu, akashika nyingine. Tulikunja kumi na mbili. Leso zake hazijawahi kuona pasi, na hakuna hata moja inayomwaibisha arusini.

Siku ya safari alinifungia mzigo mwenyewe. Kanzu hakuikunja. Aliitandika juu ya leso kitandani, akailaza mikono, akaziviringisha zote mbili pamoja taratibu kama mkeka, akazipachika kando ya sanduku. Nilipofika nikaifungua usiku ule ule. Mkunjo ulikuwa mmoja, begani. Nikaunyunyizia maji, nikaupitishia kiganja mara mbili tatu, nikaitundika kanzu nyuma ya mlango, na Ijumaa nikaenda nayo msikitini.