Barua ya Baba Aliyefungwa

Somo: 2 Timotheo 4:9–13

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshinda na barua ya kale iliyoandikwa kwa Kisiria, tawi la Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana Yesu mwenyewe. Aliyeiandika, akimwandikia mwanawe, ni Mara bin Serapion, mwenyeji wa Samosata, mji uliokuwa kando ya mto Frati. Warumi waliuteka mji wake, wenzake wakatawanyika, naye akatiwa minyororo. Wataalamu bado wanabishana juu ya mwaka: wengine wanasema muda mfupi baada ya mwaka 73, wengine wanaisogeza hadi karne ya 2 au ya 3. Nakala iliyosalia ni moja tu, na iko London.

Sisi wahubiri tukiishika barua hii hukimbilia pale Mara anapomtaja “mfalme mwenye hekima” wa Wayahudi aliyeuawa, akimweka pamoja na Sokrates na Pythagoras, wanafalsafa wa Kigiriki. Hata mimi nimewahi kupatumia mimbarini, tena kwa sauti kubwa. Lakini Mara hamtaji Yesu kwa jina. Wala hasemi kwamba amefufuka. Anasema anaishi kwa sababu ya sheria mpya alizoziweka. Kwenye kaburi tupu huyu mtu hajafika, nasi tusimsemeshe asichokisema.

Safari hii nilikwama mwanzoni kabisa. Mwalimu wa mtoto alikuwa amempelekea Mara habari kwamba kijana, ingawa bado mdogo, ana bidii sana katika masomo. Mara akamhimidi Mungu na kufarijika. Hebu fikirini: mji umetekwa, mali haipo, kesho yake haijui, na habari ya maendeleo ya mtoto darasani inamfurahisha!

Ndipo anaanza kumuusia. Amewaona watu wakihangaikia mali, sifa na uzuri wa mwili, na ameviona vikiwaponyoka. Basi mwanangu, shika elimu, tafuta hekima. Hana shilingi ya kumtumia, kwa hiyo anamtumia maneno.

Nikafungua simu nikasoma meseji nilizomwandikia kijana wangu aliye chuoni. “Nimetuma. Umepata?” “Ada mwisho lini?” “Hiyo ya chakula itumie vizuri.” Nikapandisha juu, juu zaidi, nikitafuta hata moja ambayo angependa kuitunza nikishaondoka duniani. Niliacha kutafuta kabla sijafika mwisho.

Paulo naye alikuwa kifungoni alipomwandikia Timotheo, aliyemwita mwanangu mpendwa. Anamwagiza joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee anajua muda wake wa kufariki umefika, tena ameshasema hivyo mistari michache tu nyuma, na bado anataka kusoma.

Mwisho wa barua ya Mara kuna kisa kifupi. Rafiki aliyefungwa ubavuni pake alimsikia akicheka, akamwuliza ameona nini cha kuchekesha. Akajibu kwamba anaucheka wakati: haukukopa ubaya wowote kwake, lakini unamlipa.

Nimetembea na jibu hilo tangu Jumatatu.

Tuombe. Baba, wakumbuke wazazi walioko magerezani usiku huu, na watoto wanaosubiri neno kutoka kwao. Amina.